Feza ya likelemba na safari ya Dar es Salaam

Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nilivuka ziwa kutoka Kalemie hadi Kigoma, nikapanda treni. Reli ile Wadachi waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Feza niliifunga kiunoni, usingizi, hapana.

Nilidhani bandari ya Dar es Salaam iko wazi baharini. Kumbe imejificha: mlango wake ni mwembamba, na ndani maji yametulia kama ya ziwa letu asubuhi. Hapo ndipo Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima.

Vitenge nilinunua Kariakoo. Mama mmoja muuza chakula akanieleza kwamba jina hilo limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914-1918. Nilinyamaza. Baba ya babu yangu alibebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji kwenda Tabora, mwaka 1916. Hakurudi. Na treni yetu ilikuwa imepita Tabora, mimi nashika feza tu.

Wakati wa kurudi nilisimama dirishani mpaka Tabora ikapita.

Vitenge vimeisha vyote. Mchango wa mama anayenifuata nimekwisha kuutoa.