Mshale wa Motakaa ya Zamani

Mwenye motakaa ya zamani huipaka rangi, huvisugua vyuma mpaka ving'ae, huvishona viti upya. Lakini ni nadra kumwona akiuliza kama mshale wa spidomita unasema kweli. Hali mshale huo ndio shahidi wake wa pekee njiani. Akipita mjini Nairobi akidhani yu katika kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo sheria inamruhusu, kumbe anakwenda 58, askari mwenye mashine ya kupimia mwendo hatauliza mshale ulionyesha nini. Wala mtoto anayevuka njia hatapata nafasi ya kuuliza.

Chombo chenyewe ni cha werevu. Mjerumani Otto Schulze aliandikisha ubunifu wake mwaka 1902, na motakaa za miaka mingi baadaye ziliufuata. Waya uliosokotwa huzungushwa na giaboksi, nao huizungusha sumaku ndogo. Sumaku haigusi kikombe cha aluminiamu kilicho kando yake, ila hukivuta kwa umeme unaozaliwa ndani ya kikombe kile. Springi nyembamba kama unywele hukizuia. Na pale nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale husimama. Basi sumaku ikichoka, mshale hupunguza. Springi ikilegea, huzidisha. Mafuta yakipanda kwa njia ya waya yakaingia ndani, sumaku hukiburuta kikombe na mshale huruka kama panzi.

Lakini tarakimu zinazohesabu masafa hazitegemei sumaku. Huzungushwa kwa meno matupu. Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Mwenye gari na atafute kilomita moja iliyopimwa sawasawa, katika barabara iliyonyoka, isiyo na magari mengi, ashike 60 bila kuyumba, na mwenzake (si dereva!) atazame saa. Zikipita sekunde 60, mshale ni mwaminifu. Zikipita 66, mwendo wa kweli ulikuwa 54 na nusu tu. Kisha alinganishe tarakimu za masafa na safari ya kilomita 20 zinazojulikana. Tarakimu zikiwa sawa na mshale ukiwa na kosa, ugonjwa umo ndani ya spidomita, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi, si ya yule anayeanza kwa nyundo, na wa namna hiyo si haba.

Vyote viwili vikikosea kwa kiasi kimoja, spidomita isifunguliwe kabisa. Kosa liko kwenye tairi au kwenye gia. Tairi iliyo ndogo kwa asilimia 5 huzunguka mara nyingi zaidi, na gari liendalo 80 huonyesha karibu 84. Katika Volkswagen ya kale, ile yenye mgongo wa kobe, waya hutoka katika gurudumu la mbele la kushoto; kwa hiyo mtu aweza kubadili giaboksi na tairi za nyuma apendavyo, mshale usijali. Katika spidomita nyingi za Smiths za Uingereza imeandikwa namba ndogo usoni, kama 1600, yaani mizunguko ya waya kwa kila maili moja. Fundi akileta nyingine kutoka gari jingine, namba hiyo na itazamwe kwanza.

Na siku spidomita inapobadilishwa, tarakimu za ile ya kwanza ziandikwe katika kitabu cha gari pamoja na tarehe, ili atakayelinunua baadaye ajue limekwenda masafa gani.