Ada ya Dume

Tulipokuwa vijana, kabla ya kukalia mkeka wa kusomesha, tuliwahi kusimamia uzalishaji wa farasi katika shamba moja la pwani ya Batina, Oman. Jamaa hucheka wakisikia: mwana wa chuoni na farasi, wapi na wapi? Lakini kazi ile ilikuwa ya daftari zaidi kuliko ya mbio. Farasi jike huwa katika joto kila baada ya siku 21 hivi, na hubeba mimba miezi 11. Asiyeandika hupoteza mwaka mzima. Kila alfajiri baada ya sala tulimpitisha dume upande wa pili wa ua, tukitazama jike yupi atatulia na yupi atarusha mateke.

Aghalabu huzaa usiku. Chuchu zikitoa matone mithili ya nta, hatulali. Mwana asimame ndani ya saa moja, anyonye kabla ya saa mbili kupita, na kondo litoke kabla ya tatu. Likichelewa, daktari wa mifugo huamshwa. Tuliyashuhudia haya mara nyingi. Kifungua mimba wetu alizaliwa Mombasa tukiwa hatupo.

Uliotusumbua ni ukurasa wa mwisho wa daftari. Kila jike wa nje aliyepandwa, mwenyewe alilipa ada. Nasi tuliosoma katika Sahihi Bukhari, kwa riwaya ya Ibn Umar, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza malipo ya kupandisha dume, ndio tulioiandika kwa mkono wetu. Tulijituliza kwa kauli ya Imam Malik, anayeruhusu kukodisha dume kwa idadi maalumu, ingawa sisi ni Mashafii. Ahali yetu akatuandikia: “Maalim, pesa hizi ninazomnunulia mtoto maziwa, ni ujira wa jasho lako au ni bei ya dume?”

Tukamwendea tajiri. Hakukasirika. Tulipendekeza atoze malazi, majani na uangalizi wa jike, na kwa dume mwenye jike atoe hidaya akipenda, maana hidaya isiyo na sharti imeruhusiwa katika hadithi ya Anas. Kwa majirani alikubali. Kwa wenye mikataba mikubwa alikataa, na daftari lao akampa mtu mwingine. Mshahara wetu ukapungua.

Msimu uliofuata tukarejea nyumbani. Fedha zilizosalia za miezi ile ya kwanza tulizikuta zimefungwa katika pembe ya leso, hazijaguswa tangu ile barua. Zilijenga choo cha wapita njia, karibu na soko.