Namba ya baba, uzee wa mama

Katika vitabu vidogo kama hiki watu wanapenda kuandika juu ya mahari, matanga na majina ya mapacha. Sisi tumechagua jambo lisilo na ngoma: nani anamlisha mwanaume akizeeka, na nani anamlisha mwanamke.

Zamani kule mungini jibu lilikaribia kuwa moja. Muzee alilishwa na watoto, mama muzee vilevile. Kwa Walamba na Wabemba, watoto ni wa ukoo wa mama. Mjane alirudi kwa ndugu zake, akapata pahali pa kulima. Kwa Waluba, watoto ni wa baba. Mjane alibaki kwao na bwana, mara nyingi akirithiwa na mdogo wa marehemu. Hatusemi ilikuwa paradiso, maana mjane hakuulizwa sana. Lakini pahali pake palijulikana.

Halafu ikaja kazi ya shaba. Toka miaka ya 1920 Union Minière iliona afazali mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi na watoto. Mwanaume akapewa namba. Kwa namba ile alipata nyumba, posho, matibabu, na baadaye pansio. Bibi aliandikwa chini ya namba ya bwana. Alifundishwa kushona na kupika; mshahara, hapana. Ndivyo uzee wa baba uliwekwa kwenye karatasi, na uzee wa mama ukawekwa ndani ya baba.

Karatasi nayo ilichakaa. Miaka ya 1990 feza ya Zaïre ilianguka vibaya sana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia. Ni nani alilisha nyumba zile? Sisi tuliona kwa macho: muzee anakaa chini ya mwembe na farde yake ya makaratasi, mama anatoka saa kumi na moja ya asubui na kapu la makala. Mama alikuwa na likelemba. Zamu yake ikifika, watoto wanalipiwa masomo. Lakini likelemba ni ya mwenye miguu. Magoti yakikataa njia ya soko, na zamu imekwisha.

Tena baba akifa, mambo yanakuwa magumu zaidi. Ofisi inaomba karatasi ya ndoa iliyoandikwa komini. Mahari ililipwa, familia mbili zilikutana. Jirani mmoja muzee alitwambia: «Tulikula mbuzi, nani hakuona?» Ndiyo, baba, lakini ofisi haikula ile mbuzi. Wakati huo ndugu wa marehemu wamekwisha kufika kuhesabu viti. Kwa Walamba wanakuja wapwa, kwa Waluba wanakuja wadogo wa bwana. Njia ni mbili, mlango ni mmoja.

Sheria ya familia ya 1987 inasema watoto wanachukua robo tatu za urizi. Robo inayobaki mjane anagawana na wazazi na ndugu wa marehemu. Nyumba alimoishi na bwana, ana haki ya kuendelea kukaa. Wajane wengi hawajui neno hili la mwisho, na wanaokuja kuhesabu viti hawatawaambia. Sheria ileile ilitaka bibi aombe ruhusa ya bwana kabla ya kufunga mapatano yanayomlazimu kufanya jambo yeye mwenyewe. Ruhusa hiyo iliondolewa tarehe 15 Julai 2016, siku moja na kutiwa sahihi kwa sheria mpya ya pansio. Ni vizuri. Ila muuza makala hana mkubwa wa kazi wa kumlipia kila mwezi.

Siku hizi, tukialikwa kwenye mahari, tunauliza familia zote mbili: komini mnaenda lini? Wanaume wengine wanakasirika, eti tunaleta kifo kwenye furaha. Mama wazee walioketi kwenye mikeka wanatuomba tuulize tena, kwa sauti.