Raizoni wa Mtaa wa Swahili

Marehemu baba yangu alikuwa dalali wa samaki Feri, Dar es Salaam. Soko halikuwa hili la majengo tunaloliona leo. Mnada ulipigwa mchangani, ngalawa zikiwa hatua chache tu kutoka walipojipanga wanunuzi. Siku timu yake ya mpira, Pan African, ilipocheza, baba alifunga hesabu mapema, akakata ndimu mbili na kujisugua mikono mpaka viwikoni. Mwaka 1982 sabuni ilikuwa ya foleni, naye hakukubali kufika klabuni akinuka vibua. Akimaliza, ananinusisha kiganja. Nikitikisa kichwa, anaongeza ndimu ya tatu. Kisha tunashika njia: Mnara wa Saa, Mnazi Mmoja, mpaka Mtaa wa Swahili, Kariakoo.

Baba alikuwa Raizoni, na vijana wa leo neno hilo hawalijui. Mwaka 1976 Yanga ilipasuka. Waliobaki wakaitwa Kandambili, waliotoka wakaitwa Raizoni, kwa jina la viatu vya soli nene vilivyotamba enzi zile. Raizoni ndio walioizaa Pan African. Ugomvi ule uliingia mpaka majumbani. Baba na kaka yake walikaa muda mrefu hawali sahani moja, mmoja Kandambili, mwingine Raizoni.

Timu iliyozaliwa kwa ugomvi wengi waliipa miezi michache tu. Wakakosea. Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, alikuwa miongoni mwa waliohama. Taifa Stars ilipokwenda Nigeria kwenye fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, mara ya kwanza kwa nchi hii, ilikuwa na Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na kipa Juma Pondamali, wote wa Pan African. Na mwaka 1982, timu yenye umri wa miaka sita ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwona baba, mtu wa sauti kubwa kwa kazi yake, akikosa neno la kusema. Alinishika bega tu mpaka tukafika nyumbani.

Leo ukipita Kariakoo, Simba wapo Msimbazi na Yanga wapo Jangwani, kila mmoja na jengo lake na watu wake. Mtaa wa Swahili umejaa maduka na mikokoteni. Pan African imezama madaraja ya chini miaka mingi sasa. Mara ya mwisho nilipokwenda kuitazama, nilikaa jukwaani nikiwasikia wachezaji wakiitana kwa majina, na mpira ukigonga mwamba sauti yake inafika kwangu waziwazi. Tulifungwa bao la kizembe dakika za mwisho. Nilipogeuka kutafuta mtu wa kulalamika naye, safu yangu nzima ilikuwa tupu. Hilo liliniuma kuliko bao.

Sababu za kuzama zinajulikana. Mpira umekuwa wa fedha. Zikaja timu za viwanda na za majeshi, mchezaji anapata mshahara na ajira. Klabu ya kadi na michango ya wanachama ingeshindana nazo kwa lipi? Mkataba wa matangazo wa Azam na TFF wa mwaka 2021 ulitajwa kuwa na thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, lakini neema hiyo ni ya Ligi Kuu. Aliye chini anabaki na njaa yake, na kwa njaa hiyo hapandi. Cosmopolitan, mabingwa wa mwaka 1967, nao wameyaonja haya. Tukuyu Stars, mabingwa wa 1986, vilevile.

Lakini fedha si jibu lote. Klabu ya wanachama hufa wanachama wakiondoka, na sisi tuliondoka. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, mji mzima ulihamia huko, nami nikaufuata. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 nilishangilia, na Simba ilipofika mwaka 2025 nilishangilia tena. Kuzifurahia timu za nchi si kosa. Kosa ni kwamba miaka yote hiyo sikulipa ada hata mara moja kwa klabu iliyomfanya baba ajisugue ndimu. Nilikuwa nasema "Pan yetu imekufa" kama mtu anayesimulia msiba wa jirani, na kumbe mgonjwa alikuwa wangu, nami sikwenda hata kumjulia hali.

Bado nipo Feri, na mnada nautazama kila asubuhi. Chombo kikirudi kitupu, wavuvi hawakitelekezi ufukoni. Wanakikokota juu, wanaziba panapovuja, kesho yake wanarudi majini. Pan African haijafutwa. Ina jina, ina historia, na ina vijana wanaoivalia jezi mbele ya majukwaa matupu.

Kama wewe, au baba yako, au babu yako, mliwahi kuitwa Raizoni, ulizia mechi yake ijayo. Kata tiketi, mchukue na mtoto. Kile kiti kilicho wazi pembeni yangu ni chako.