Mwaka Ng'ombe Walipotupa Mimba



Juma lililopita, tulipomaliza sala ya jumuiya, mama mmoja aliniuliza, "Padre, inakuwaje ugonjwa wa mnyama umwingie mtu?" Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa giza lilikuwa likiingia. Njiani nilimkumbuka mzee mmoja wa mkoani Dodoma, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa jepesi mno.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2007. Nilikuwa frateri katika mwaka wa uchungaji, kwenye parokia ya wafugaji. Mvua zilinyesha kupita kiasi na nchi ile kavu ikajaa madimbwi. Tulimshukuru Mungu. Hatukujua kwamba katika udongo wa mabonde huwa kuna mayai ya mbu yanayosubiri maji kwa miaka, mengine yakiwa yamerithi kirusi kutoka kwa mbu aliyeyataga. Maji yakija, mayai huanguliwa. Mbu huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ndani ya miili ya wanyama hao kirusi huongezeka sana. Hiyo ndiyo Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mnamo 1931 karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mara ile ilizuka kaskazini-mashariki mwa Kenya mwishoni mwa 2006, ikaonekana Somalia, kisha ikafika kwetu.

Wanyama walianza kutupa mimba, karibu zizi zima kwa wakati mmoja. Mzee yule alikesha na ng'ombe wake, akamvuta ndama mfu kwa mikono mitupu. Nani kati yetu angemwacha mnyama wake ateseke? Ng'ombe alipozidiwa, walimchinja kabla hajafa, na majirani wakagawana nyama. Mbu huweza kumwambukiza mtu, lakini wagonjwa wengi hukipata kirusi hapo hapo: katika damu, katika maji ya uzazi, katika kuchuna ngozi. Nyama iliyoiva vizuri haina neno. Mwenye kisu ndiye aliye hatarini.

Nilitumwa kigangoni kutangaza katazo la kuchinja. Niliisoma ile karatasi kwa sauti ya mtu aliyetoka seminari. Mama mmoja akauliza, "Frateri, watoto wetu watakula karatasi hiyo?" Watu walicheka, nami nikaudhika, nikasema maneno makali juu ya ujinga. Baadaye katekista alinivuta pembeni. "Hawa si wajinga," alisema. "Walijua kabla yako kwamba mifugo inaumwa. Lakini mnada umefungwa, na ng'ombe akifa bila kuchinjwa, ada ya shule imezikwa naye."

Mzee alishikwa na homa. Wengi hupona baada ya siku chache, naye alipona. Ila majuma machache baadaye macho yake yalififia, akawa ananitambua kwa sauti. Wengine walitokwa damu hadi kufa. Katika Tanzania peke yake walifariki zaidi ya watu 100.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini inafaa kutolewa kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaanza, sindano ile ile ikipita kutoka mnyama hadi mnyama yaweza kuueneza zaidi. Basi katika mwaka wa ukame, mfugaji aliyepoteza nusu ya mifugo yake atapata wapi fedha za kukinga ugonjwa asiouona? Nasi tuliosoma twamwita mzembe.

Nilipokwenda kumuaga, nilimkuta ameketi kando ya zizi tupu. Sikumwomba radhi kwa yale niliyoyasema kigangoni. Nilidhani siku ile hakuwapo. Katekista ndiye aliyeniambia, tukiwa njiani, kwamba alikuwapo, kwenye benchi la nyuma, na kwamba ng'ombe alikuwa amechinjwa jana yake.

Yule mama wa jumuiya nitamtafuta Jumapili, baada ya Misa ya kwanza. Nitamweleza habari za mbu na damu, lakini nitaanza na mzee.

Wenu katika Kristo,
Paroko