Wiki za Marudio

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika chuo cha matabibu, nikifundisha fiziolojia. Watu hudhani kazi ya mkufunzi ni kutoa mihadhara. Kwangu kazi yenyewe ilianza mihadhara ikishakwisha, wiki chache kabla ya mtihani, wanafunzi walipokuja darasani jioni na macho mekundu, wamekumbatia madesa na pepa za miaka iliyopita. Wamepiga msuli usiku kucha. Wanaogopa sapu, na wengine wanaogopa kudisko, maana ada yao imetokana na ng'ombe aliyeuzwa nyumbani.

Jambo la kwanza niliwaambia waweke pepa chini. Pepa za zamani zina faida yake, zinamzoesha mtu namna ya kuulizwa. Lakini anayejua kwamba jibu la swali la saba ni C, bila kujua kwa nini si B, hajasoma chochote kitakachomfaa wodini. Swali likigeuzwa kidogo tu anapotea, na mgonjwa hugeuza maswali kila siku.

Tulianza na moyo. Kila mmoja alishika mkono wa mwenzake, akatafuta pigo, akahesabu dakika nzima. Wengi walipata kama 70. Nikaandika ubaoni: kwa kila pigo moyo husukuma karibu mililita 70. Zidisheni. Ni 4,900, yaani kama lita 5 kwa dakika. Je, mtu mzima ana damu kiasi gani mwilini? Kama lita 5. Kimya kidogo, kisha mmoja husema, "Kwa hiyo, Mwalimu, damu yote inazunguka ndani ya dakika moja?" Ndiyo.

Sasa mama amejifungua na anavuja damu. Kinachosukumwa kwa kila pigo kinapungua. Moyo ufanye nini? Uongeze mapigo. Mishipa je? Ijibane, na ndiyo maana viganja vinakuwa baridi. Wakafika wenyewe, bila kukariri orodha ya dalili, kwenye jambo nililotaka walijue kuliko yote: mapigo huenda mbio kabla presha haijashuka, na tabibu anayengoja presha ishuke ndipo ashtuke, ameshachelewa. Hapo nilikaa hata jioni nzima. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya kina mama nchini kwetu, na sikuona mada ya kunifanya niliharakishe hilo.

Figo tulizipitia upesi. Lita 180 huchujwa kwa siku, mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu, zilizobaki zinarudishwa kwenye damu. Namba hizo mbili zikikaa kichwani, mengine ya figo yanasomeka.

Selimundu ndiyo niliyopenda kuifundisha kupita zote. Hitilafu yenyewe ni ndogo mno: katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi ya amino ya sita ilipaswa kuwa ya glutamiki, na mahali pake imekaa valini. Basi. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hizo hushikana, na chembe nyekundu hupinda na kukakamaa. Chembe ambayo ingeishi siku 120 hufa ndani ya wiki mbili au tatu. Upungufu wa damu, macho ya njano, maumivu ya mifupa, kiharusi cha mtoto mdogo, vyote vinatoka hapo.

Mwaka mmoja, msichana wa Kanda ya Ziwa ambaye hakuwa na kawaida ya kusema darasani aliuliza kwa nini mdogo wake alizaliwa mzima, akanenepa, kisha akaanza kuvimba vidole wakati anajifunza kukaa. Nikalirudisha swali kwa darasa. Tukafika kwenye hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta, ina wa gama. Hiyo ndiyo inayomkinga miezi ya mwanzo, na inapopisha, kuelekea miezi sita, ugonjwa hujitokeza. Msichana akainuka, akachukua chaki, akachora minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya gama. Kisha akafuta gama kwa kidole, akaandika beta juu yake. Siku ile nikawasimulia habari za Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo haijapotea kwetu.

ORS, maji ya chumvi na sukari anayopewa mwenye kuhara, nayo tuliisoma hivyo hivyo, kwa kuuliza sababu. Kwa nini sukari kwenye maji ya chumvi? Kwa sababu ukutani mwa utumbo glukosi na sodiamu hupokelewa pamoja kwa mlango mmoja, na maji hufuata. Sumu ya kipindupindu haiharibu mlango huo.

Mtihani wetu ni wa Kiingereza, lakini marudio niliyafanya kwa Kiswahili, na wapo wenzangu walionisema kwa hilo. Sijabadili msimamo. Mtu huitafuta sababu kwa lugha anayogombania nayo nauli ya daladala, na sababu ikishaeleweka, Kiingereza chake kinaandikika.

Nimeona ratiba zinazoingiza mada mpya hadi siku za mwisho kabla ya mtihani, ili tu silabasi ionekane imekwisha. Wakufunzi wenzangu mlioko kazini, nawaomba mzitetee wiki za marudio. Punguzeni mada za pembeni, mwanafunzi apate muda wa kusimama mbele ya wenzake na kueleza moyo, figo, damu na utumbo kwa kinywa chake mwenyewe. Baada ya muda si mrefu atakuwa zamu ya usiku, peke yake, kwenye kituo cha afya, na daktari wa karibu yuko hospitali ya wilaya.