Kiolezo Kidogo

Chombo hupimwa kwa kazi yake. Mtu anayevuka mkono mwembamba wa bahari hutafuta mtumbwi. Jahazi huachiwa wenye safari ndefu na shehena nzito. Kanuni hii niliifuata nilipopewa kazi ya kutengeneza kurasa za intaneti za maktaba moja ndogo.

Maktaba ilikuwa na vitabu mia kadhaa, na kila kitabu kilihitaji ukurasa wake. Kurasa zote zilikuwa za sura moja. Yaliyotofautiana ni jina la kitabu, mwandishi na mwaka. Rafiki yangu alinishauri nitumie Django, kiunzi mashuhuri cha kujengea tovuti kilichotolewa kwa watu wote mwaka 2005. Ushauri wake ulistahili heshima. Lakini kiunzi hicho huja na mambo mengi, kama hifadhidata na njia za kuwatambua watumiaji, ambayo maktaba haikuyahitaji. Tena nilijiuliza: nikiondoka, nani ataitunza kazi hii?

Basi niliandika kiolezo, mfano wa kile akifuatacho fundi cherehani akatapo nguo. Kilikuwa ukurasa mmoja wenye mapengo, na kila pengo lilitiwa alama ya dola na jina lake: $jina, $mwandishi, $mwaka. Lugha ya Python ina kifaa cha kujazia mapengo ya namna hiyo tangu mwaka 2004. Programu yangu, isiyozidi mistari 40, ilisoma orodha ya vitabu, ikajaza mapengo, ikaandika kurasa. Mkutubi aliisoma yote alasiri moja akaielewa.

Lakini ajitengenezeaye chombo hujitwika na ulinzi wake. Alama ya < ikiingia ukurasani kutoka katika maandishi ya mtu mwingine, kivinjari huweza kuidhania amri, na mwovu akapenyeza amri zake humo. Kwa hiyo kila neno lililotoka nje lilisafishwa: kwanza & iliandikwa &amp;, ndipo < ikaandikwa &lt;. Utaratibu huo ukigeuzwa, maandishi huharibika. Django huifanya kazi hiyo yenyewe. Mimi ilinipasa kuikumbuka.

Siku maktaba itakapotaka wasomaji waingie kwa maneno ya siri na kuazima vitabu, mtumbwi hautatosha, wala haitakuwa aibu kupanda jahazi. Hata hivyo, kijana msomaji, usione haya kuanza na kidogo unachokielewa chote. Aibu ni kumwachia mwenzako kikubwa ambacho wewe mwenyewe huwezi kukieleza.